Tiva Wawili wa Ghuba ya Karungu

Siku ya kuniaga mlinikalisha kwenye kiti kilichofungwa maua, mkanipa saa ya ukutani, kisha mkaniomba nisimulie kazi yangu. Nilisimama, nikasema asanteni, nikaketi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia chumbani, na mtu anayehutubu mbele ya pilau hana adabu. Sasa niko nyumbani Kuria, ng'ombe wamekwenda malishoni, pilau hakuna, nami naweza kuwapa hotuba yangu bila kumchelewesha mtu chakula.

Habari za vyeo nitaziruka. Anayetaka kujua nilipandishwa lini akamwulize karani, yeye ndiye aliyekuwa akinichelewesha. Nyinyi vijana wa chumba cha ndege nataka kuwaambia juu ya ndege wawili wanaofanana, mwalimu wangu mmoja, na wanawake wawili wa Karungu. Mengine yote niliyoyajua kazini yalikuwa nyongeza tu.

Nilifika katika jumba la makumbusho Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sitini, kijana wa mpakani mwenye viatu vya kuazima vilivyokuwa vikinibana. Nilidhani nitapewa ufagio. Aliyenipokea alikuwa Mgoa mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Bwana Lobo, msimamizi wa chumba cha ndege. Hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Aliniambia, "Nioneshe mikono," akaigeuza pande zote mbili, kisha akauliza kama nimewahi kuchuna mbuzi. Mkuria kuulizwa kama amewahi kuchuna mbuzi! Nikamjibu kwamba nimechuna hata ng'ombe. Akacheka kidogo, akaniwekea mezani njiwa aliyekufa.

Msimdharau njiwa. Ngozi yake ni nyembamba kuliko karatasi ya sigara, na manyoya yake yameshikizwa kwa bahati tu. Kufika adhuhuri njiwa wangu alikuwa uchi kama kuku anayesubiri sufuria, na manyoya yalikuwa kwenye nywele zangu, puani, na ndani ya chai ya Bwana Lobo. Aliyatoa kwenye chai kwa kijiko, akanywa, akasema, "Leo umejifunza njiwa ni nini. Kesho mwingine." Hakunigombeza. Nilikaa na njiwa mpaka nikawaota, na nilipoweza kumchuna njiwa bila kumvua nguo zake, hakuna ndege mwingine aliyenitisha tena.

Kazi yenyewe mnaijua, ila mmeanza kuiharakisha, kwa hiyo nairudia. Unapasua ngozi chini ya kifua, unaisukuma kwa vidole, huivuti, kama unavyomvua mtoto sweta akiwa amelala. Unanyunyizia unga wa mahindi ili damu isiguse manyoya. Karani wa stoo alikuwa akiniangalia kwa jicho baya kila nilipokwenda kuchukua unga mwingine, akiamini kwamba chumba cha ndege kinapika ugali mchana kutwa. Halafu unapaka ile sabuni ya sumu ya kuzuia wadudu, unajaza pamba, unashona, unamlaza chali, unamfungia mguuni kibandiko cha mahali na tarehe. Rangi ya macho unaiandika hapo hapo ndege akiwa bado na joto, kwa sababu macho ndiyo ya kwanza kusema uongo. Mtu akikuletea ngozi nzuri isiyo na kibandiko, mrudishie. Hiyo ni nyama iliyokauka tu.

Sasa niwalete kwa hao ndege wawili. Wote ni tiva, ndege wa kichakani, mkubwa kidogo kuliko shomoro, mgongo mweusi na kifua chekundu cha kukufanya usimame njiani. Wa kwanza ni wa vichakani: mweusi juu toka utosini mpaka mkiani, mwekundu chini kama aliyekalia rangi mbichi, na jicho la manjano. Wa pili haonekani popote ila ndani ya mafunjo ya kandokando ya ziwa, yale Wajaluo wanayoyaita togo. Huyu ana utosi wa rangi ya dhahabu iliyofifia, mstari mweupe bawani, tumbo jeupejeupe, na jicho la kijivu. Tiva hawa wana tabia moja ya ajabu. Dume akipiga mluzi, jike humjibu palepale, bila kuacha hata nafasi ya kupumua, hivi kwamba mgeni huapa kwamba ni ndege mmoja. Tiva wa kichakani hupiga mluzi mmoja mkali na jike hujibu kama kitambaa kinachochanwa. Tiva wa mafunjo yeye hutoa sauti mbili nene za chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa kibuyu.

Katika droo zetu Bwana Lobo alikuwa amewatenga, kila mmoja droo yake na jina lake la Kilatini. Lakini mtaalamu mmoja kutoka ng'ambo alikuja, akafungua droo zote mbili, akasema kwamba hao ni ndege mmoja tu, na huyu wa mafunjo amebadilika rangi kidogo kwa kukaa majini. Wakati huo jumba lilikuwa linatayarisha kitabu kikubwa cha ndege wa nchi yetu. Wakubwa wakamwambia Bwana Lobo aamue kabla ya kitabu kwenda kupigwa chapa: ndege wawili, au mmoja. Kama ni mmoja, tiva wa mafunjo angepoteza jina lake na ukurasa wake, angeandikwa kwa mstari mmoja chini ya mwenzake kama mtoto wa kambo.

Mnaweza kucheka. Lakini Bwana Lobo alikuwa amemtetea ndege yule tangu mimi nikiwa nachunga mbuzi. Aliniambia jinsi anavyoona mambo, na mimi nikayaelewa vizuri sana kwa sababu alinieleza akiwa anatafuna sukari guru, kitu alichokipenda kuliko chakula. Alisema ziwa hili limewahi kupungua na kujaa, kupungua na kujaa, zamani hata kabla mito haijapata majina. Kila lilipopungua, mafunjo yalibaki vipande vipande, kila kipande mbali na kingine, na ndege waliokuwa ndani wakabaki na jirani wale wale, chakula kile kile, kivuli kile kile. Vizazi kwa vizazi wakageuka, utosi kidogo, bawa kidogo, sauti kidogo. "Swali si kwamba wanafanana," alisema. "Swali ni, wakikutana leo, wanatambuana? Yule akiita, huyu anajibu? Kama anajibu, wataoana, na ndege ni mmoja. Asipojibu, ni wawili."

Na mahali pa kuwakuta palikuwapo. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ile zilikuwa zimeinua ziwa mpaka maji yakaingia vichakani, na kule Karungu mafunjo yakaota katikati ya miba. Kwa mara ya kwanza ndege hawa wawili walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Basi tukapakia Landrova nyavu nyembamba za kutegea, kisanduku cha visu vyangu, na mashine mpya ya kunasa sauti, nzito kama mawe ya kusagia, yenye utepe unaozunguka na kipaza sauti kilichofungwa kwenye karai ili kikusanye sauti za mbali. Karai lilikuwa la kuogea. Nililiazima kwa mke wangu na sikusema ni la nini.

Tulishika njia ya Homa Bay, na pale Rodi Kopany Bwana Lobo akateremka sokoni kutafuta sukari guru, akakaa kiasi cha kumsahau dereva. Dereva huyo alikuwa mimi. Betri za mashine tulizikuta Macalder, kwa mwenye duka aliyewauzia wachimba dhahabu tochi. Alituuliza tunatafuta nini upande ule. Nikamwambia ndege. Akatuonea huruma, akatuongezea kiberiti.

Tulipiga hema kwenye uwanja wa kanisa, juu kidogo ya ghuba. Asubuhi za kwanza tulikaa ukingoni mwa mafunjo tukisikiliza. Mafunjo ya Karungu ni marefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani, yamesongamana mpaka ukinyoosha mkono huoni vidole. Sauti zilikuwa nyingi, wa kichakani huku, wa mafunjo kule, kila mmoja na mwenziwe. Bwana Lobo alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi kwao.

Halafu ikaja asubuhi ile. Umande ulikuwa bado, mimi nikiwa nimeshika karai na Bwana Lobo akiwa na vidude vya masikioni. Tukasikia mluzi mkali wa tiva wa kichakani, karibu sana. Na kutoka ndani kabisa ya mafunjo, palepale, bila kuchelewa hata kidogo, akajibu tiva wa mafunjo kwa zile sauti mbili nene. Nikadhani ni bahati. Mluzi ukarudi. Jibu likarudi. Waliitana hivyo, mmoja na mwingine, wakitembea pamoja ndani ya mafunjo, huku tukifuata kando ya maji kwa magoti, mpaka wakanyamaza. Bwana Lobo alivua vidude masikioni taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa hukumu.

Kutwa nzima aliusikiliza utepe. Aliurudisha, akausikiliza, akaurudisha. Nilimpelekea chai, ikapoa. Nikampelekea sukari guru, akaikataa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jioni aliniita.

"Marwa, wewe umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

"Wameitana. Wamejibizana kama mume na mke."

"Labda ni hao wawili tu. Hata kwetu wapo wanaooa mbali."

Alitabasamu kwa shida. "Ndege wenyewe wamesema. Mimi ni nani niwakatalie? Kesho tutege wavu tuwaone hao wawili kwa macho, kisha nikirudi nitawaambia wakubwa kwamba ni ndege mmoja. Ile droo ya mafunjo wewe ndiye utaihamisha. Mimi sitaweza."

Nilimpenda sana siku ile, na nasema wazi kwamba nililala nikiwa na uchungu. Ni rahisi kuwa mkweli ukweli ukiwa upande wako.

Asubuhi tukatega wavu kwenye upenyo mdogo kati ya miba na mafunjo, nikaiweka mashine nyuma yake, Bwana Lobo akafungua utepe. Wazo lilikuwa kwamba wale ndege wakisikia sauti zao watakuja kumfukuza mgeni, na wanase. Mluzi ukatoka kwenye mashine, kisha jibu. Mluzi, jibu. Mbele yetu mafunjo yakatikisika. Bwana Lobo akanishika mkono. Yakatikisika zaidi, yakavunjika, na badala ya ndege akatoka mama mnene mwenye matope mpaka kiunoni, panga mkononi, akapita katikati ya wavu wetu na kuuvaa wote kama shela ya bibi harusi.

"Nani nyinyi?" akafoka. "Nani anaita hapa?"

"Mama, samahani, ni ndege," Bwana Lobo akasema.

"Ndege gani? Hiyo ni Mama Akinyi, nyieka wangu! Nimemwacha kwa kitanda na homa, hata uji hajamaliza. Sasa mimi nakata togo, nasikia yeye ananiita ndani ya maji. Nikasema yaye, amekufa huyu, amekuja kuniaga! Nikitaka kujibu, sauti yangu ikatoka mbele yangu kabla sijafungua mdomo!"

Nyieka ni mke mwenza. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Ikatoa mluzi, ikatoa jibu. Mama yule akaielekezea panga.

"Huyo ni yeye. Na huyo ni mimi. Mmeweka sisi kwa sanduku!"

Bwana Lobo alimtazama, akaitazama mashine, akamtazama tena. Akaketi kwenye matope alivyo, na suruali yake ya kaki. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumwona akicheka vile, akijipiga mapaja, miwani ikining'inia kwa uzi wake, na mimi nikaanza, na yule mama, aliyekuwa bado amevaa wavu, akatuangalia kama wendawazimu mpaka naye akashindwa kujizuia.

Alikuwa anaitwa Mama Ochieng, mke mkubwa wa boma lililokuwa nyuma ya kanisa. Nilipokuwa namtoa kwenye wavu, kazi iliyochukua muda kuliko kumtoa ndege yeyote, alitueleza. Wakata mafunjo ya mikeka hawaonani. Ukiingia humo umeingia, na humo kuna kiboko, kuna mamba, kuna matope yasiyo na chini. Kwa hiyo kila mmoja lazima awe na sauti, na mwenzake akisikia lazima ajibu upesi, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake yu hai. Jina la mtu haliitwi majini, alisema, kwa sababu hujui nani mwingine atalisikia. Na ukipiga kelele ya binadamu unamwamsha kiboko. Ndege hamwamshi kiboko, kwa sababu kiboko amemzoea. Basi kila mkataji huchukua sauti ya ndege wake, na Mama Ochieng alikuwa na tiva wa mafunjo tangu alipoolewa.

"Na Mama Akinyi kwa nini hakuchukua huyo huyo?" nikamwuliza.

Alinitazama kwa dharau kamili. "Mume tumegawana. Sasa na ndege tugawane?"

Nyumbani, alituambia bila kuona haya, yeye na nyieka walikuwa hawasemezani. Kulikuwa na habari ya jogoo, ndefu, yenye pande mbili, na nilizisikia zote mbili baadaye nikiwa nimefunga mdomo. Lakini ndani ya mafunjo hakuna jogoo. Asiyejibu huko anaua. Kwa hiyo wanawake wawili waliopitana uani kama kuku na kicheche walikuwa wakiitana kila asubuhi kwa sauti tamu mpaka Mgoa mmoja akaamini kwamba wameoana.

Hakutuachia nafasi ya kupumzika. Alitaka mashine iende kwa Mama Akinyi asikie. Tukaibeba mpaka bomani, mimi nikitweta, yeye mbele na tita lake la mafunjo kichwani. Mlangoni pa nyieka akasita. Nadhani hakuwa ameuvuka mlango ule siku nyingi, maana uji alikuwa akiutuma kwa watoto. Kisha akautua mzigo, akainama, akaingia, akatuita. Mama Akinyi alikuwa mwanamke wa umri mdogo, mrefu, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Nikafungua utepe. Aliposikia mluzi wake akakaa kitandani. Aliposikia jibu akageuka kumtazama mke mkubwa.

"Unajibu upesi hivyo?" akauliza.

"Sasa nichelewe, uliwe?"

"Sikujua ni upesi hivyo."

Mama Ochieng akashika bakuli la uji lililokuwa pale chini, akaonja, akasema limepoa, akatoka kwenda kulipasha moto.

Vijana, tokea siku hiyo sharti letu likawa moja, na ningependa mliandike ukutani: hakuna sauti bila macho. Mimi na Bwana Lobo tulianza upya kama wanafunzi. Tulirudi majini, safari hii tukiwa tumekaa juu ya kichuguu chenye miba ambapo tuliweza kuona upande wa vichaka na upande wa mafunjo, na hatukufungua utepe mpaka ndege ameonekana mdomo wazi. Ilikuwa kazi ya mgongo na ya siafu. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na sisi tuliinama mpaka tukasahau kusimama. Tulipata sauti safi ya tiva wa kichakani na jike lake. Tulipata ya tiva wa mafunjo na jike lake. Kilichobaki kilikuwa jaribio lenyewe: kumpelekea kila mmoja sauti ya mwenzake na kuona kama atajibu.

Lakini jaribio lilitaka mafunjo yawe matupu. Sauti moja ya mkataji ingetuharibia. Bwana Lobo alikwenda kuwaomba wale wanawake, kofia mkononi, na aliwaambia ukweli wote: kwamba ndege mmoja ataondolewa jina, na kwamba yeye hajui bado kama anastahili kuwa nalo. Mama Akinyi, ambaye homa ilikuwa imemwachia, aliuliza kama ndege wao ndio wanaotafutwa. Akaambiwa ndio.

"Ndege wangu na ndege wake?"

"Ndio hao."

"Basi tutakaa inje," akasema Mama Ochieng. "Na wengine nitawaambia. Asubuhi moja mikeka itangoja."

Siku ile walikuja wote, wakata mafunjo wa upande ule mzima, wakaketi kwenye nyasi juu ya ghuba, kimya kama wako kanisani, mapanga yamelazwa chini. Wale wake wenza walikaa mbele. Hawakukaa karibu sana, lakini walikaa mstari mmoja. Tiva wa mafunjo na jike lake walikuwa wakionekana mara moja moja kwenye vishungi vya mafunjo, kifua kikiwaka kwa jua la asubuhi.

Bwana Lobo akafungua sauti ya tiva wa kichakani. Mluzi mkali ukaruka juu ya maji. Dume la mafunjo likageuza kichwa. Likakuna shingo kwa ukucha. Likala mdudu. Mluzi ukarudi, ukarudi, na jike nalo lilikuwa limeshughulika na bawa lake, halina habari. Nikamtazama Bwana Lobo. Alikuwa bado amemkodolea ndege macho, ikabidi nibadili utepe mimi. Tukaweka sauti ya tiva wa mafunjo. Haikuwahi kumalizika hata mara moja. Dume lilishuka kama jiwe, likasimama juu ya karai la mke wangu, limetuna, utosi wa dhahabu umesimama, likatoa sauti zake mbili usoni petu, na jike likajibu nyuma yake papo hapo. Juu kwenye nyasi wanawake wakapiga vigelegele. Ndege hawakujali hata vigelegele, hasira ilikuwa imewapanda.

Tukageuka upande wa vichaka tukafanya vivyo hivyo, na asubuhi iliyofuata tena, na mahali pengine tena, kwa jozi nyingine. Jibu lilikuwa lile lile. Waliishi bega kwa bega, mti huu na funjo lile, na mmoja alipoita mwingine alikuna shingo.

"Ni wawili," Bwana Lobo akasema. Aliivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha.

"Na ni ndugu?" Mama Ochieng akauliza.

"Ni ndugu, mama. Babu yao wa zamani sana ni mmoja."

"Na huyu wangu, jina lake hilo la kitabu ni nani?"

Akamtajia lile jina la Kilatini, akaeleza kwamba limetokana na milima ya volkeno iliyo mbali, kule Uganda inapopakana na Rwanda, ambako wataalamu walimpatia kwanza.

Mama Ochieng alifikiri. "Yeye hajawahi kufika huko kwa milima."

"Hapana. Huyu wa Karungu hajafika."

"Haidhuru. Sisi pia tunaitwa kwa majina ya watu wa mbali. Bora ni lake."

Kitabu kilipotoka, tiva wa mafunjo alikuwa na ukurasa wake, na droo yake haikuhamishwa, ndiyo ile ya tatu kutoka dirishani mnayoifungua kila siku mkiwa na mikono yenye mafuta ya mandazi. Wataalamu bado wanabishana juu ya jamaa wengine wa ukoo huo, na ni haki yao. Mimi nikifungua droo ile siikumbuki hoja yoyote ya kitabuni. Nakumbuka tulivyozima mashine asubuhi ile ya jaribio la kwanza, Mama Ochieng akisimama, akijifunga leso kiunoni, akimwuliza Bwana Lobo, "Sasa tunaweza kuingia?" Akamwambia waingie. Wakaokota mapanga, yeye akapita huku na Mama Akinyi akapita kule, mafunjo yakawafunika. Tulikaa tukasikiliza. Mluzi ukatoka, na jibu. Upande wa miba mluzi mwingine, na jibu. Karibu na maji zile sauti mbili nene, na jibu. Bwana Lobo aliniuliza yupi ni ndege na yupi ni mama, nami nikamwambia sijui, na yeye akasema hajui pia, akatia kipande kikubwa cha sukari guru mdomoni. Waliitana mpaka jua likapanda, na hakuna aliyeita akakosa kujibiwa.